Je, Yafaa Kukubali Kushindwa Kabla ya Mwisho?



Kuna mchezo mmoja wa Waingereza, jina lake kriketi. Huku kwetu Kongo haujulikani sana, lakini kwa jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania unachezwa tangu zamani, na siku hizi hata Rwanda wana kiwanja chake. Wakenya walifika mpaka nusu-fainali ya Kombe la Dunia katika mwaka wa 2003. Twautaja mchezo huu, wala si mupira wa miguu tuliouzoea, kwa sababu unaleta swali moja la zamiri ambalo mupira wa miguu hauleti kwa nguvu hivyo. Dakika 90 zapita upesi. Ekipe iliyofungwa mabao matano yavumilia kidogo, kisha yaenda nyumbani. Lakini mashindano makubwa ya kriketi kati ya nchi na nchi yaweza kudumu siku tano. Mara nyingi siku ya tatu jioni watu wote wameona nani atashindwa. Basi hao watakaoshindwa wafanye nini siku ya nne na ya tano? Je, kapiteni wao aende kwa mwenzake, amtolee mkono na kusema: «Mmetushinda, tumalize»? Au wakae juani siku mbili nzima wakingojea jambo lililokwisha kujulikana?

Wengine watasema hilo ni swali la michezo tu, halihusu gazeti la Wakristu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu hujifunza uwanjani namna ya kushindwa, na kushindwa ni kazi ambayo kila mmoja wetu ataifanya mara nyingi kuliko kushinda.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa maneno machache. Kila ekipe ina watu kumi na mmoja. Moja hupiga, nyingine hutupa. Mtupaji arusha mupira mdogo, mgumu sana, kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa chini. Mpigaji asimama mbele ya vijiti kuvilinda na gongo lake la mti. Akiupiga mupira mbali, yeye na mwenzake wa ng'ambo wakimbia na kubadilishana mahali, na kila mbio ni alama moja. Vijiti vikiangushwa, au mupira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji atoka, mwingine aingia. Wakiisha kutoka kumi, zamu yao imekwisha, kwa kuwa yule wa kumi na moja hawezi kupiga peke yake. Katika mashindano ya siku tano kila ekipe ina zamu mbili. Tena, na neno hili tulishike vizuri: siku tano zikiisha na zamu hazijaisha, hakuna mshindi, ni sare, hata kama upande mmoja ulikuwa mbele kwa alama mia tatu.

Sheria za kriketi zatoa ruhusa wazi. Ekipe ikikubali kushindwa, mchezo umekwisha, na waamuzi wawapa wengine ushindi. Na katika mchezo wa sataranji, ule wa mfalme na askari wake juu ya ubao, mabingwa hawangoji mpaka mfalme anaswe. Mmoja akiona hana njia tena, amtolea mwenzake mkono, na watu wamsifu. Huko kuendelea ndiko kukosa adabu, kama kumwambia mwenzako: «Sijui kama waweza kumaliza.» Kwa nini basi adabu ya ubao si adabu ya kiwanja? Kwani wachezaji wa kriketi karibu hawaitumii kamwe ile ruhusa yao.

Jibu ambalo kila mtu analo mdomoni ni hili: usikubali, maana labda utashinda. Nao watakutajia Headingley, kiwanja cha mji wa Leeds huko Uingereza, mwezi wa Julai mwaka wa 1981. Hadithi hiyo ni ya kweli, na ni tamu. Australia walipiga alama 401, wakafunga zamu yao wenyewe. Waingereza wakapiga 174 tu. Waliokuwa nyuma namna hiyo waweza kuamriwa na wapinzani kupiga tena mara moja, zamu ya pili juu ya ya kwanza, na ndivyo walivyoamriwa. Wakapiga vibaya tena. Walipokuwa na alama 135 watu saba walikuwa wamekwisha kutoka, na walihitaji alama 92 nyingine ili wawe sawa tu na Australia. Wenye kazi ya kamari walikuwa wametoa bei ya 500 kwa 1: yaani aliyeweka pauni moja juu ya Uingereza angepata pauni 500. Ndipo Ian Botham alipoanza kulizungusha gongo lake kama mtu anayekata majani. Dilley, ambaye kazi yake ilikuwa kutupa wala si kupiga, akampa msaada wa alama 56. Botham akafika 149 bila kutolewa. Australia wakabakiwa na deni la alama 130 tu ili washinde, kazi ndogo. Bob Willis akawatoa watu wanane, nao wote wakaisha kwa alama 111. Uingereza ikashinda kwa alama 18.

(Wachezaji wawili wa Australia, Lillee na Marsh, walipoiona ile bei ya 500 kwa 1 waliweka pauni chache juu ya wapinzani wao, mmoja 10, mwingine 5, nao wakalipwa. Hakuna aliyesema kwamba walicheza vibaya kwa kusudi. Hata hivyo sisi hatupendi kumwona mtu akichuma faida katika kushindwa kwa ndugu zake, na twafurahi kwamba leo sheria zakataza.)

Hadithi kama hiyo yatia moyo. Lakini tuwe wakweli. Mashindano hayo makubwa yalianza katika mwaka wa 1877, na mpaka leo yamechezwa zaidi ya 2500. Mara ngapi ekipe iliyoamriwa kupiga tena mara moja imeshinda mwishoni? Mara nne: Sydney mwaka wa 1894, Headingley 1981, Calcutta 2001, na Wellington 2023, ambapo New Zealand waliwashinda Waingereza kwa alama moja tu. Mara nne katika karibu miaka 150! Hao wengine wote waliokuwa katika hali hiyo walishindwa, au wakajiokoa kwa sare, na majina yao hayaimbwi. Anayemwambia kijana asikubali kushindwa kwa sababu labda atashinda, anamwuzia tikiti ya bahati nasibu. Siku kijana atakapoona kwamba hakushinda, wala mara ya pili, wala mara ya kumi, atasema: «Mlinidanganya», naye atakuwa na haki. Katekisimu yatufundisha kwamba matumaini yaweza kukosewa kwa njia mbili, kwa kukata tamaa na kwa kutumaini ovyo. Ni kweli, tumaini la mchezo si ile fazila ya kimungu. Lakini mfano wafaa.

Basi tusipate kisingizio katika Headingley. Swali letu ni juu ya wale ambao kweli watashindwa.

Hapa twakutana na pingamizi kubwa, nalo latoka katika Evanjili yenyewe. Katika mlango wa 14 wa Mtakatifu Luka Bwana wetu asimulia juu ya mfalme mwenye askari elfu kumi, anayeendewa na mwingine mwenye elfu ishirini. Mfalme huyo akaa kwanza, afikiri kama aweza. Akiona hawezi, atuma wajumbe kuomba amani huku adui angali mbali. Yezu hamlaumu mfalme huyo. Amweka kuwa mfano wa mtu anayehesabu gharama. Basi kapiteni wa kriketi anayehesabu na kuona hawezi, je, naye si mwenye busara? Hata kwetu ni vile vile. Tumewaona watu waliofuata shauri barazani, shauri lililokwisha kukatwa, wakarufani na kurufani tena mpaka mbuzi wa mwisho akauzwa na watoto wakafukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Ndugu wa mtu kama huyo akimwambia «acha sasa», amfanyia mapendo makubwa.

Twajibu: mfalme yule aliomba amani ili kuokoa kitu. Aliokoa damu ya askari elfu kumi, na nyumba, na mashamba. Mwenye shauri anayeacha aokoa mbuzi wake na amani ya ukoo. Lakini kapiteni anayekubali kushindwa siku ya tatu aokoa nini? Vita havifanywi kwa ajili ya vita; vyafanywa kwa ajili ya jambo lingine, na jambo hilo likiwa haliwezekani tena, kuendelea ni kuua watu bure. Mchezo sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, auliza kama kuna fazila katika michezo, naye ajibu kwamba iko. Asimulia juu ya Mtakatifu Yoane, ambaye watu walichukizwa walipomwona akicheza na wanafunzi wake. Yoane akamwambia mmoja mwenye upinde avute, na avute tena, kisha akamwuliza kama angeweza kuvuta hivyo siku zote. Yule akasema upinde ungevunjika. Vivyo hivyo na roho ya mtu. Mchezo ni pumziko la roho, na faida yake imo ndani yake wenyewe. Aliyekwisha kushindwa kwa alama bado anao mchezo mzima mkononi mwake: mupira ni ule ule, gongo ni lile lile, jua ni lile lile. Hakupoteza ila matokeo.

«Lakini aokoa aibu yake!» Ndiyo, hapo ndipo penyewe. Tukichungua vizuri, mara nyingi anayetaka kuondoka mapema hataki kuokoa wakati wala nguvu. Ataka kuokoa uso wake. Aliyeshindwa mpaka mwisho alipimwa, na kipimo chake chajulikana. Aliyeondoka katikati aweza kusema maisha yake yote: «Ah, tuliacha tu.» Hiyo ni kiburi iliyovaa nguo za busara. Sisi Wakongo twakijua kipimo hicho. Tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen katika Ujerumani, Leopards wetu walifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Watu waliwacheka, na wengine wawacheka mpaka leo. Lakini walibaki uwanjani mpaka filimbi ya mwisho, na siku nne baadaye waliingia tena kucheza na Brazil, mabingwa wa dunia, wakafungwa 3 kwa 0. Sisi hatuoni aibu kwa ajili ya watu hao.

Tena mchezo si mali ya mtu mmoja. Wapinzani wana haki yao: waliamka mapema, walifanya mazoezi, nao wataka kushinda kweli, si kupewa ushindi kama mtu apewavyo masalio ya chakula. Mtupaji kijana wa upande ule labda angemtoa leo mtu wake wa tano kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Upande wako mwenyewe kuna yule wa kumi na moja, ambaye hupiga mwisho na huwa hapigi vizuri. Kwake yeye dakika ishirini mbele ya vijiti ni shule. Ukikubali kushindwa wamnyima. Na kuna watazamaji, waliolipa na kusafiri.

Juu ya watazamaji, Waingereza wana kisa ambacho wengi wao wangependa kukisahau. Mwezi wa Mei 1979 ekipe ya wilaya ya Somerset ilikuwa ikicheza na Worcestershire, mashindano ya siku moja. Kapiteni wa Somerset, Brian Rose, alikuwa amepiga hesabu: kwa namna kombe lile lilivyopangwa, kushindwa haraka kungemfaa kuliko kujaribu kushinda na kuharibu hesabu zake. Basi watu wake wakapokea mipira sita ya kwanza, wakapata alama moja, naye akafunga zamu. Worcestershire wakapata alama mbili kwa mipira kumi, na mchezo ukaisha. Watu walikuwa hawajakaa vizuri. Sheria haikuvunjwa, wakubwa wa mchezo waliisoma, na kweli haikukataza. Hata hivyo waliwafukuza Somerset katika kombe la mwaka ule. Kuna waliosema hiyo si haki, kumwadhibu mtu asiyevunja sheria. Sisi twaona walifanya vema. Sheria ya mchezo yategemea jambo moja ambalo haliandiki: kwamba waliokuja wamekuja kucheza.

Kisa kingine chatusumbua zaidi, kwa sababu hapa hakuna aliyeondoka. Tarehe 7 Juni 1975, katika kiwanja cha Lord's mjini London, Uingereza iliipiga India alama 334 katika Kombe la Dunia la kwanza. Kila upande ulikuwa na mipira 360 ya kupokea, na siku zile alama 334 zilikuwa mlima. Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji bora wa India wa nyakati zote, aliingia wa kwanza. Alibaki mpaka mwisho, hakutolewa. Alipokea mipira 174 akapata alama 36. India ikamaliza na 132, ikashindwa kwa 202. Watu wake waliokuwa wakitazama walikasirika, wengine wakaingia uwanjani kumsihi apige. Yeye mwenyewe hakuitetea baadaye zamu ile.

Basi tazama. Gavaskar hakukubali kushindwa kwa kinywa. Aliyakubali kwa mikono yake. Alikuwa pale, mwili wake ulikuwa pale, vijiti vyake vilisimama, lakini mchezo ulikuwa umekwisha kumtoka. Kapiteni ambaye angetoa mkono saa sita mchana na kusema «mmetushinda» angewatendea watu haki zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu: «Bakini mpaka mwisho, na yote yatakuwa mema.» Kuna kubaki ambako ni namna ya kuondoka. Twawaona hata kanisani, wanaosimama nyuma karibu na mlango toka mwanzo wa Misa mpaka baraka. Lakini hayo tuyaache.

Wala tusimhukumu mtu kwa siku moja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 1976, huko Port of Spain katika visiwa vya Karibi, India walihitaji alama 403 katika zamu ya mwisho ili kuwashinda West Indies. Hesabu kama hiyo ilikuwa imefikiwa mara moja tu katika historia yote. Walipata 406, wakashinda, na 102 kati ya hizo zilikuwa za Gavaskar yule yule.

Na baada ya hapo, katika siku chache tu, ndipo likaja jambo ambalo latulazimisha kusema kwamba kuna nyakati za kukubali. West Indies walichukizwa na kushindwa kule. Katika mashindano yaliyofuata, huko Kingston, Jamaica, waliweka watupaji wa mbio sana, nao wakarusha mipira iliyodunda chini na kupanda kwenye vifua na vichwa. Siku zile wapigaji hawakuvaa kofia za chuma. Gaekwad, aliyekuwa amesimama imara mpaka alama 81, alipigwa karibu na sikio akapelekwa hospitali. Viswanath alivunjika kidole. Patel alipasuliwa mdomo. Kapiteni wa India, Bishan Bedi, aliifunga zamu ya kwanza na watu sita tu wametoka, ili yeye na wenzake wasioweza kupiga vizuri wasisimame mbele ya mipira ile. Katika zamu ya pili India walikuwa na alama 97 na watu watano wametoka. Wengine watano waliandikwa kwamba wameumia, hawawezi kuingia. West Indies walibakiwa na deni la alama 13, wakazipata bila shida.

Je, Bedi alikosa uhodari? Wako waliosema hivyo, kwani yeye na mtupaji mwenzake Chandrasekhar waliumia mikono tu katika kudaka mupira, na labda wangeweza kusimama dakika chache. Sisi twamtetea. Pale palikuwa na kitu cha kuokoa, kama kwa mfalme wa Evanjili: vichwa vya watu. Mchezo ulikuwa umeacha kuwa pumziko la roho. Kapiteni ni kama baba wa nyumba. Ana ruhusa ya kuhatarisha jina lake mwenyewe, lakini mfupa wa kichwa cha kijana aliyewekwa chini yake si mali yake.

Bedi huyo huyo, tarehe 3 Novemba 1978, katika mji wa Sahiwal huko Pakistan, alifanya jambo lingine, na hapa twasitasita. India walihitaji alama 23 kwa mipira 14, na watu wanane walikuwa bado. Yaani walikuwa karibu kushinda. Mtupaji wa Pakistan akarusha mipira minne mfululizo iliyopita juu kabisa ya kichwa cha mpigaji, asiweze kuifikia, na waamuzi hawakusema neno. Bedi akawaita watu wake watoke, akakubali kushindwa. Alitoa mchezo ambao haukupotea ili asishiriki katika udanganyifu. Kosa halikuwa lake, hilo ni wazi. Lakini twajiuliza kama isingekuwa bora kuipokea ile mipira 14 yote, mbele ya macho ya watu, ili udanganyifu uonekane mpaka mwisho. Wasomaji wetu watakuwa na maoni tofauti. Hata katika ofisi yetu hatukupatana.

Wengine wangetaka sasa tutaje Msalaba, na Ijumaa ile ambayo wote walidhani yote yamepotea. Hatutafanya hivyo. Msalaba si mfano wa kriketi.

Afadhali tuseme neno juu ya wanaoshinda, maana nao wana deni. Mwezi wa Julai 2025, mjini Manchester, Uingereza iliipita India kwa alama 311 baada ya zamu ya kwanza ya kila upande, na mwanzoni mwa zamu ya pili India walipoteza watu wawili kabla ya kupata alama hata moja. Kama kuna mchezo uliopotea, ni huo. Walibaki siku hiyo, na siku ya mwisho yote. Ilipobaki saa moja, watu wanne tu wametoka, hakuna tena aliyeweza kushinda. Ben Stokes, kapiteni wa Uingereza, akatoa mkono: tumalize, ni sare. Jadeja alikuwa na alama 89, Washington Sundar 80. Wakakataa, wakitaka kila mmoja afike 100. Waingereza wakaudhika, wakampa mupira mtu asiye mtupaji, akautupa polepole kama anayerushia mtoto. Wakafika wote wawili, 107 na 101, kisha mikono ikapeanwa. Sisi tuko upande wa hao wawili. Yule aliyekaa juani mpaka mchezo uliopotea ukawa sare ana haki ya kuchagua saa ya kwenda nyumbani, na mwenye nguvu asimtupie mupira wa dharau. Uchovu wa Waingereza twauelewa. Dharau hapana.

Juma lililofuata ekipe hizo hizo zilikutana mjini London, kiwanja cha Oval. Tarehe 4 Agosti Uingereza ilihitaji alama 17 tu, na alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuingia, Chris Woakes. Huyo bega lake lilikuwa limeteguka siku ya kwanza. Alitoka ndani akitembea polepole, mkono wa kushoto umefungwa na kufichwa chini ya nguo yake ya sufu, gongo katika mkono wa kuume. Hakupokea mupira hata mmoja. Mwenzake Atkinson alijitahidi kupokea yote, na Woakes alikimbia ng'ambo hii na ile, maumivu yakionekana usoni. Mwishoni Siraj aliviangusha vijiti vya Atkinson, na Uingereza ikashindwa kwa alama 6.

Je, tunaomtetea Bedi wa Kingston twaweza kumsifu Woakes? Twaona twaweza. Huyu hakutumwa apigwe kichwani. Alikuwa na kofia, na maumivu yalikuwa yake mwenyewe kuyatoa. Kama kapiteni angemwamuru, tungemlaumu kapiteni. Lakini mtu mzima aliyevaa viatu vyake mwenyewe na kusema «nitaingia», sisi tusingemzuia mlangoni.